Mbaazi Mbichi kwenye Kitambaa Cheupe

Ndinda, mama yangu,

Usishtuke kuona mwandiko huu wa kuku. Ni wa baba yako. Nakuandikia hapa hapa hotelini, kwenye meza ya kona. Wateja wa mchana wameondoka na wa jioni bado. Wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko nyuma anakwaruza sufuria huku akiimba kwa nguvu, ili nijue kwamba ameniona na kalamu na hataniuliza kitu. Barua hii nitaificha katikati ya aproni zako. Ukiikuta utakuwa umeshafika Naivasha, na hutaweza kunijibu hapo kwa hapo kama ulivyozoea. Hilo peke yake linanifurahisha sana.

Sitakuambia uvae sweta. Mama yako ameshakuambia mpaka hata mimi nimevaa. Sitakuambia habari ya kanisa, wala vijana, wala kufunga mlango usiku. Hayo yana wenyewe. Mimi nataka tuzungumze juu ya Jumamosi.

Maana tangu Jumatatu hatujazungumza, wewe na mimi. "Mama, mwambie Baba chumvi iko karibu na mkono wake." "Mama Ndinda, mwambie binti yako nimeiona." Mama yako amekaa katikati yetu kama yule dada wa kuunganisha simu pale posta, na jana alituambia sote wawili kwamba laini imekatika, tutafutane wenyewe. Basi nimekutafuta.

Jumatatu ulirudi kutoka kwa meneja wako mpya ukiwa unaruka. Alikuwa amekuuliza ungependa kupika nini katika ile hoteli yake kando ya ziwa, ukamjibu bila kupepesa macho kwamba utapika kile kinachotoka kwenye mashamba ya pale wiki hiyo, na vyakula vya mezani vibadilike kila msimu. Akacheka. Halafu akasema haya, Jumamosi jikoni ni kwako, chakula chote cha jioni pika wewe. Sahani zikirudi zimejaa, utakaanga chipsi kama wengine, na habari ya msimu asiisikie tena.

Na mimi, mpishi mzima, nikakuambia nini? "Wape hizo chipsi na nyama ya kukaanga. Shika kazi kwanza." Uliweka kijiko chini. Uliniangalia kwa macho ya marehemu mama yangu, maana jina lake ulipewa na macho ukajichukulia mwenyewe. Ukasema, "Baba, si wewe ulinifundisha kufuta ubao?" Ukatoka nje. Chai yako ilipoa pale mpaka ikaota ngozi.

Nitafika kwenye ubao. Kwanza nikueleze siku ya kufungua hoteli hii, maana wewe ulikuwa mtoto wa kuruka kamba ya blada na unaijua kwa masimulizi ya Njoroge, ambaye huongeza maji.

Nilipoacha kazi ya jikoni kwenye hoteli kubwa kule mjini, kichwa changu kilikuwa kimevimba kama andazi. Nilikuwa na ndoto moja tu. Nilitaka hoteli ya vitambaa vya meza hapa sokoni Burma, kwenye moshi wote huu wa nyama, watu wa Kaloleni na Shauri Moyo na Makongeni waje waketi, watandikiwe, waitwe bwana na bibi, wale kwa uma na kisu kama wale niliokuwa nikiwapikia. Mama yako alishona vitambaa vya melikani nyeupe, akavipiga pasi ya makaa mpaka vikawa vinasimama vyenyewe. Njoroge alichungulia kutoka bucha yake ya jirani, akavua kofia, akaniuliza kwa upole ni nani amefariki.

Sasa chakula. Kule mjini nilifundishwa kwamba chakula cha kitambaa kinatoka kwenye mkebe. Njegere za mkebe, uyoga wa mkebe, supu ya mkebe iliyovuka bahari. Nikanunua mikebe nikaipanga rafu nzima, nikaitazama kama mtu aliyejenga nyumba. Hata nanasi nilinunua la mkebe! Na hapo mlangoni, Ndinda, kulikuwa na mama amepanga mananasi ya Thika yameiva mpaka nyuki wanapiga foleni. Nilitoka nikamwomba asogee mbele kidogo, ananichanganyia harufu ya chakula. Yule mama alinitazama sana. Akabeba mananasi yake, akasogea.

Nilikuwa nimemwalika mchungaji, wazee wa kanisa, Njoroge, na mabwana wa reli ambao walikuja na tai. Wakaketi. Wakafunga leso shingoni. Mchungaji akasimama kuombea chakula, na mimi nyuma ya pazia nikashika kifungulio cha mkebe nikazungusha mara moja, kikavunjika mkononi.

Nilikuwa nacho kimoja tu. Mtu ananunua rafu nzima ya mikebe, halafu ufunguo mmoja.

Nilijaribu kisu, kikapinda. Nikaruka nje na kuchukua shoka la Njoroge la kukatia mifupa. Mkebe wa kwanza niliupiga pigo moja, na njegere zikapaa juu ya pazia, zikatua mezani na nyingine kwenye mabega ya mchungaji, ambaye alikuwa amefika kwenye kuwaombea wagonjwa. Alifungua jicho moja, akaziona, akalifunga, akaendelea. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Mama yako alikuwa amekaa pale nyuma na jiko lake. Alikuwa amepika chakula chetu sisi wa nyumbani, muthokoi ya mahindi yaliyokobolewa na mbaazi mbichi. Zile mbaazi zilikuwa zimefika asubuhi hiyo kutoka kwetu Mbooni na lori la shemeji yangu, na wewe mwenyewe ulikuwa umeketi ukizimenya na kuzila mbichi, nusu bakulini, nusu tumboni. Alinitoa njiani kwa kiwiko, akapakua ile muthokoi kwenye sahani zangu za kauri, kidogo kidogo kwa mpangilio, mbaazi juu zikiwa za kijani mpaka zinang'aa, na mboga za managu pembeni. Njoroge alivyoona shoka lake limegeuzwa ufunguo, alikimbia kwake akarudi na mbavu za mbuzi wa Kiamaiko zilizokuwa tayari juu ya makaa. Mama yako alizipaka ukwaju na asali. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia. Nilikuwa nasema moyoni, basi, yamekwisha, nimewaita watu kwa tai waje wale chakula cha shambani.

Halafu pakawa kimya. Wewe ni mpishi sasa, unakijua kimya hicho. Watu wamesahau kuongea.

Nikachungulia. Mzee Musyoka wa kanisa, mtu mkali kuliko pilipili, alikuwa ameshika uma na mbaazi juu yake, hazifiki mdomoni. Akamwuliza mama yako, "Hizi si mbaazi za kwetu?" Mama yako akajibu, "Ni za kwetu, mzee." Mzee akasema, "Na mmeniletea kwa sahani hii?" Macho yake yakajaa machozi, akala, akaomba tena, na tena. Maisha yake yote alikuwa amekula mbaazi akiwa amechuchumaa penye jembe au amesimama jikoni kwa mtu. Hakuna aliyewahi kumtandikia kitambaa kwa ajili ya mbaazi.

Nilitoka kwenye magunia nikiwa mtu mwingine. Vitambaa vyangu vilikuwa sawa, na chakula cha mama yako kilikuwa sawa. Ni mimi tu niliyedhani haviwezi kukutana.

Usifikiri niliacha ujinga siku hiyo. Nilibadilisha ujinga tu. Kwa sababu watu walipenda mbaazi, nikawatangazia kwamba hapa kwa Vitambaa, kama walivyokwisha kuiita hoteli, mbaazi mbichi kila siku, mwaka mzima! Mama yako akaniuliza kama nimeongea na mbaazi zenyewe. Msimu ukaisha, wateja wakazidi, na mimi mtu wa neno langu nikaenda nikanunua zile kavu, ngumu kama changarawe. Zikakataa kuiva. Watu wako mezani wanagonga uma. Nikafanya lile jambo ambalo kila mpishi wa kwetu analijua na kila mmoja analikana, nikatia magadi. Zikaona hiyo haitoshi, nikatia tena. Zikaiva, mama! Ziliiva mpaka zikawa uji wa rangi ya tope, na sebule yote ikanuka sabuni. Njoroge alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akasema, "Mpishi, hii ni ya kula ama nilete shati?"

Hapo ndipo ulipoingia wewe na chaki. Ulikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa kwetu sote, na nilikuwa nimekununulia ubao ili uandike vyakula. Asubuhi iliyofuata nilikuambia ufute mbaazi. Ukaniuliza, "Watu wakiuliza niseme nini?" Nikakuambia useme zimeisha. Ukafikiri kidogo, ukapanda kiti, ukaandika kwa herufi kubwa: MBAAZI ZIMEENDA KWAO ZITARUDI BAADAYE. LEO KUNA MABOGA. Watu walicheka hapo mlangoni mpaka njia ikazibika, na wakaingia wakala maboga.

Tangu hapo ubao ukawa ndio mkubwa wetu. Mvua ikija, kunde. Maembe yakija, maembe mpaka watoto wa mtaa wawe na ndevu za manjano. Baridi kama hii ya sasa, mbaazi na ukwaju na viazi vitamu. Kitu kikiisha tunafuta, hatuombi msamaha. Vijana wakaanza kupita kila asubuhi kabla hata hawajaenda kazini, "Mzee, leo tunamanga nini?" kama watu wanaokwenda kuangalia matokeo ya mpira. Kumbe kungoja nako ni kitoweo. Kule mjini nilipika mwaka mzima na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuningojea.

Moja zaidi, halafu nikuache. Hii ilinitia baridi. Unamkumbuka Mama Wairimu wa Mukuru, anayetuletea mboga? Mara ya kwanza alikuja na managu mapana kama viganja, meusi kwa afya. Nikayanunua yote nikijisifu kwamba sasa hata mkebe siujui, mimi ni mtu wa kienyeji kabisa. Mama yako alichukua jani akalisugua, akanusa, akanipa na mimi. Lilinuka mafuta ya mashine. Yalikuwa yameota ukingoni mwa ule mto ambapo viwanda vinamwaga maji yao. Nilitaka kumfukuza yule mama, nikapandisha sauti. Mama yako aliniambia nikanyamaze jikoni, akamketisha, akampa chai, akamwuliza analima wapi na kwa nini. Kumbe hana pengine. Wakatoka pamoja wakaenda kuomba kipande nyuma ya nyumba za reli, pale penye bomba safi, na ndipo managu yetu yanapotoka mpaka leo, na maganda yetu yote ya jikoni yanakwenda kule kuwa mbolea. Kwa hiyo hata ukiona mboga imetoka karibu, mama, mwulize aliyeilima imekunywa maji gani. Na ukiuliza, uwe na chai mkononi.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa.

Jumatatu sikusema vile kwa sababu nilifikiri wewe huwezi. Niliogopa. Kule mjini niliwahi kuona sahani zikirudi. Mlango ule wa jikoni unafunguka kwa bega la mhudumu, na chakula chako kinarudi kikiwa kimeguswa pembeni tu, na watu wote jikoni wanajifanya hawajakiona. Nilifikiri juu yako umesimama pale peke yako, Jumamosi, huku meneja ameegemea ukuta. Nikakuambia ukaange chipsi ili nisiumie mimi. Ndiyo hivyo tu. Baba yako ni mwoga kwa mambo yako, na kwa mambo yangu mwenyewe ni jasiri wa kuvunja mikebe kwa shoka.

Lakini nimekutazama wiki hii yote ukinizunguka bila kuongea. Nilikuona Jumatano ukionja ile supu ya viazi vitamu, ukaongeza maji kidogo na ndimu kidogo, ukaonja, ukatabasamu peke yako. Hukujua niko mlangoni. Ndinda, moyo wangu ulijaa mpaka nikaenda kusimama nje kwa Njoroge. Akaniuliza, "Nini tena?" Nikamwambia, "Msichana anajua kuliko mimi." Akasema, "Hiyo mtaa wote tunajua, keti." Nimefurahi, mwanangu. Nimefurahi kupita kiasi, na sina pa kuiweka furaha yenyewe ndiyo maana inamwagika kwenye karatasi.

Kwa hiyo futa ubao. Yale maneno yangu ya chipsi yafute. Jumamosi pika yako. Ukimaliza kusoma, usianzie jikoni. Zunguka kwanza kwa wanaolima, ule kwao, uonje udongo wa pale unatoa nini. Kule si Mbooni, na mbaazi za huku usiziagize kwa kiburi cha nyumbani. Ukikuta mahindi mabichi, basi ni mahindi. Ukikuta samaki wa leo, basi ni samaki. Na chakula kikitoka usikifunike kwa majina ya kigeni ili kionekane kimesoma. Kama ni maboga, waambie wageni ni maboga, na ya nani. Mtu akikuuliza kwa nini hakuna kile alichokula mwaka jana, mtazame usoni na ucheke kama ulivyocheka siku ile ukiwa juu ya kiti.

Nikuambie sasa nilikokwenda asubuhi, maana nilikudanganya kwamba naenda kununua makaa. Nilikwenda posta, nikapiga simu kwa hiyo hoteli yako. Akapokea msichana mwenye sauti ya maziwa. Nikamwambia nataka meza ya watu wawili, Jumamosi jioni. Akaniuliza, "Ni wa kampuni gani, bwana?" Nikamwambia, "Wa kampuni ya tumbo, andika Mutua." Alicheka, akaandika.

Mama yako anajua. Ameshatoa koti langu la harusi, amelitundika dirishani litoke harufu ya sanduku, na anasema likinibana nisipumue. Jumamosi tutafunga hapa. Njoroge amesema atawaeleza wateja, na najua atawaeleza vibaya.

Ujue jambo hili ambalo sijawahi kukuambia, na sikuwahi kulifikiria mpaka nilipokuwa na ile simu sikioni. Nimepikia vitambaa vyeupe ujana wangu wote. Enzi za wazungu haikuwezekana mimi kuketi, na enzi zetu zilipofika hakuna aliyenikataza, nilikuwa tu nimeshazoea kuingia kwa nyuma. Hata hapa kwangu mwenyewe nakula nimesimama, karibu na moto, sahani mkononi. Sijawahi kuketi mezani nikaletewa. Sijui hata mtu huweka wapi mikono wakati anangoja.

Jumamosi nitajifunza. Tafadhali usinipendelee, usinitumie mnofu mkubwa, na usiwaambie wenzako kwamba yule mzee wa koti la kubana ni babako. Nitakula kama mteja. Chakula kikiwa kibaya nitairudisha sahani kwako, wallahi, na utanijua. Lakini kikiwa kile ninachokijua mimi, usitoke jikoni kunitazama, maana nitalia mbele ya watu na mama yako atanikanyaga mguu chini ya meza.

Tutaingia kwa mlango wa mbele.

Ni mimi, baba yako, mteja wako wa Jumamosi,

Mutua